Mafuta ya Karafuu na Magugu ya Shamba

Wanachama wengi wamesikia kwamba mafuta ya karafuu huua magugu. Neno hili ni kweli. Lakini yafaa tujue huua magugu gani na kwa namna gani, asije mmoja wetu akampa mkulima wa bara ahadi asiyoweza kuitimiza.

Ukali wa mafuta, yawe ya karafuu, ya makonyo au ya majani, hutokana na kitu kiitwacho yujenoli. Kikianguka juu ya jani, ngozi laini za ndani hupasuka, maji huvuja, na jani hunyauka. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Tworkoski, alitoa habari za majaribio ya mafuta ya mimea 25. Ya karafuu na ya mdalasini yalikuwa miongoni mwa makali kabisa. Yalipotiwa sehemu 5 hadi 10 katika 100, majani na mashina ya magugu yalikufa kati ya saa moja na siku moja.

Basi na tufanye hesabu. Bomba la mgongoni la lita 20, kwa sehemu 5 katika 100, lataka lita 1 nzima ya mafuta. Tena mafuta hayakubali maji. Lazima yatiwe sabuni na kutikiswa sana. Na eka moja haitoshelezwi na bomba moja.

Sasa tumfikirie mkulima wa mtama wa Zuzu, karibu na mji wa Dodoma. Katika nchi ile kavu, mmojawapo wa maadui wa mtama ni kiduha. Gugu hili hushika mizizi ya mtama chini ya ardhi na kuinyonya. Linapotokeza juu, hasara imekwisha kuingia. Mafuta yetu huunguza yanachokigusa tu. Hayashuki mizizini, wala hayaondoi mbegu zinazongoja udongoni miaka mingi. Mkulima huyo atafaidika zaidi akitia samadi, akibadilisha mtama na karanga, aking'oa kiduha kabla hakijachanua, na akipanda mtama unaokistahimili, kama Hakika na Wahi, mbegu zilizotolewa nchini mwaka 2002.

Kwetu visiwani ni vivyo hivyo. Ndago ikiunguzwa majani huchipua tena. Mafuta yafaa kwa magugu machanga yenye majani mapana, njiani au uani, wakati wa jua, na majani yawe makavu. Usinyunyizie karibu na miche ya mikarafuu, kwani nayo itaungua. Na ulinde macho na ngozi yako.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: jembe lisiwekwe kando. Watengenezaji wa sabuni, manukato na dawa za meno huyatumia mafuta ya karafuu kwa matone. Kuyamwaga shambani kwa lita ni kupoteza mali.