Malaria: kwa nini nivaquine ilishindwa? Jibu limo tumboni mwa kimelea

Kwa miaka mingi, mtu aliyeshikwa na homa huko Buluo, Likasi, kama kwingine nchini Congo, alimeza nivaquine, yaani klorokwini. Leo malaria inatibiwa kwa dawa za mchanganyiko, kama vile artesunate na amodiaquine, zilizochaguliwa na serikali mwaka 2005. Vimelea vilikuwa vimeizoea nivaquine.

Mfuko wenye asidi

Wakaaji wa Likasi wanaijua asidi: katika kiwanda cha Shituru, hutumika kutoa shaba ndani ya mawe. Kimelea cha malaria nacho kina mfuko wake wa asidi. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinakula hemoglobini na kuisaga humo. Mabaki yake ni sumu, hivyo kimelea huyageuza kuwa fuwele zisizomdhuru.

Klorokwini huingia katika mfuko huo, kisha asidi huizuia kutoka. Ikijaa humo, fuwele hazitengenezwi tena, na kimelea kinauawa na mabaki ya chakula chake.

Kupima kwa mwanga

Mfuko huo ni mdogo sana, hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kuingia. Watafiti huweka rangi inayong'aa ndani ya chembe ya damu. Kimelea huimeza pamoja na hemoglobini, na mwanga wake hubadilika kulingana na asidi. Vipimo vinaonyesha pH karibu 5, kama kahawa nyeusi. Maji safi yana 7.

Watafiti kadhaa walidhani kwamba asidi ya vimelea sugu ilikuwa imebadilika. Lakini mwaka 2006, vipimo vya rangi hiyo vilivyofanywa Australia havikuonyesha tofauti yoyote. Chanzo ni protini iitwayo PfCRT, kwenye ukuta wa mfuko: ikibadilika, inakuwa mlango wa kuitoa dawa nje.

Onyo kwa leo

Jambo hili linaigusa Congo, yenye zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi wa malaria duniani. Amodiaquine ni ndugu wa klorokwini, nayo hufanya kazi katika mfuko uleule. Nchini Rwanda na Uganda, vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artesunate vimeshathibitishwa.

Kwa hiyo, mwenye homa apimwe kwanza kwenye kituo cha afya, na akikutwa na malaria, amalize dozi yote hata akijisikia nafuu siku ya pili. Vidonge vya nivaquine vilivyobaki nyumbani si matibabu ya malaria.