"Utafiti wa Nje" Katika Uthamini wa Biashara

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa hati za fedha ni "utafiti wa nje". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo, ikiachwa bila ufafanuzi, yaweza kumpotosha msomaji, na hata kumtia hasara.

Kwanza tutenganishe maneno yanayokaribiana. Bei ni fedha zinazotolewa katika mauzo. Thamani ni kile kitu kinachostahili. Tathmini ni kupima ubora au mafanikio ya jambo. Na uthamini ni kazi ya kukadiria thamani kwa fedha. Neno hili la mwisho ndilo lililomo katika jina la Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016.

Sasa tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa akaaye Katubuka, mjini Kigoma, atakaye kuuza sehemu ya biashara yake. Daftari lake linaonyesha mapato ya mwezi mmoja mzuri. Mthamini akiyazidisha kwa 12 aweza kukosea sana, kwa maana mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Hapana budi atafute ushahidi usiotoka kwa mwenye mali. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, ina kituo huko huko Kigoma. Tena, mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ongezeko la joto huenda limepunguza uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa hilo kwa asilimia 20 hivi, jambo liwezalo kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi.

Je, "utafiti wa nje" hapo ni upi? Wengi watajibu: ule wa jarida la ng'ambo. Sivyo. Kwa mthamini, tafiti za TAFIRI nazo ni za nje, maana hazikutoka ndani ya biashara. Kwa hiyo tunapendekeza isemwe kwa ukamilifu: "utafiti wa nje ya biashara".

Pengine itadhaniwa kwamba "utafiti huru" ungetosha. Hautoshi. Taarifa iliyolipiwa na mnunuzi hutoka nje ya biashara, lakini si huru, kwani mlipaji hunufaika thamani ikishushwa. Mfasiri azichanganyaye istilahi hizi mbili humnyima muuzaji nafasi ya kuuliza: ni nani aliyelipia? Na swali hilo ndilo kinga yake.