Mvuke wa Petroli Ndani ya Ngama: Ujazaji wa Mafuta na Uwashaji wa Boti za Matembezi

Petroli ikiwa bado kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake, nao huanza kutoka hata penye baridi kali, kwa kuwa kiwango cha mmweko cha petroli, yaani halijoto ya chini kabisa ambayo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto, ni takriban nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, na kwa sababu hiyo haupandi bali hutambaa na kushuka. Gari likivuja petroli kidogo, mvuke huanguka barabarani ukapeperushwa na upepo. Boti, kwa kuwa imeundwa kama bakuli, hubakiza kila kinachomwagika ndani yake, nacho huishia katika ngama, ile sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo mabaharia hufua maji. Maji ya ngama huonekana, ilhali mvuke hauonekani, na ukifikia kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya ujazo wa hewa, cheche moja hutosha kuulipua.

Kwa hiyo hatari kubwa haiko wakati mafuta yanapomiminwa, ambapo kila mtu huwa macho, bali katika dakika chache zinazofuata, nahodha anapogeuza ufunguo. Staata na alteneta hutoa cheche zinapofanya kazi, na ndiyo maana zile za vyombo vya majini huzibwa ili cheche zisiufikie mvuke ulio nje. Za gari hazikuzibwa hivyo, na fundi anayefunga staata ya gari katika injini iliyo ndani ya boti, eti kwa kuwa inaingia sawasawa na bei yake ni nafuu, anahatarisha maisha ya watu kwa jambo lisilo na utetezi wowote.

Boti zenye injini ya ndani ya petroli zilizoundwa Marekani tangu Agosti 1980 hulazimika kisheria kuwa na feni ya kutoa hewa katika chumba cha injini, pamoja na tangazo linalomtaka nahodha aiendeshe kwa dakika 4 kabla ya kuwasha injini na kukagua ngama. Feni hiyo huzimwa mafuta yanapojazwa, la sivyo itauvuta ndani mvuke unaozagaa nje. Hata baada ya dakika hizo, mlango wa chumba cha injini hufunguliwa na mtu akainama kunusa chini kabisa. Na afaaye kunusa ni yule ambaye hakushika pampu, kwani pua iliyokaa karibu na petroli huizoea harufu ikaacha kuitambua.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, boti nyingi za kutembeza watalii hutumia injini za nje, zinazofungwa shetri, na mafuta yake aghalabu hutoka katika madumu. Tangi la kubebeka lisijazwe ndani ya boti. Literemshwe na kuwekwa juu ya mchanga au gati, abiria wakiwa wameshuka na sigara zimezimwa. Petroli inapomiminika huzalisha umemetuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya kwa msuguano, na plastiki haiipitishi chaji hiyo kwenda ardhini. Kwa hiyo tangi huwekwa chini, na mdomo wa bomba la pampu au faneli ukaachwa uguse mdomo wa tangi tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Tangi lisijazwe hadi pomoni, kwani lita 100 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa karibu lita 2, na jua la mchana pwani halishindwi kufanya hivyo.

Kabla ya kuwasha, skrubu ya kupitisha hewa katika kifuniko cha tangi hulegezwa, gia huwekwa nyutro, na kamba ya usalama, ile inayozima injini nahodha akianguka, hufungwa mwilini mwake. Kisha tufe la mpira lililo katikati ya bomba la mafuta huminywa mpaka liwe gumu mkononi. Lisipokuwa gumu, huenda tangi ni tupu au hewa inaingia mahali, na huo ndio wakati wa kupitisha kidole kwenye kila kiungo, kwa sababu jua na chumvi huukausha mpira ukapasuka nyufa ndogo ambazo jicho huzikosa lakini kidole hulowa. Injini ikishawaka, mchirizi wa maji ya kupozea sharti uonekane ukitoka kando yake, na usipoonekana injini izimwe mara moja. Ama bomba lililopasuka, halifungwi kwa mpira wa baiskeli wala mfuko wa nailoni. Hubadilishwa kabla boti haijaondoka.