Diploma ya kweli, mlango uliofungwa: jamaa yetu kule Québec

Miaka miwili imepita tangu tuombee jamaa moja ya parokia yetu iliyokuwa inahamia Québec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa. Baba ni muuguzi wa A1, amefanya kazi miaka kumi na miwili katika hospitali ya kanisa. Mama alimaliza ISP, akafundisha hesabu. Siku ile wengine kati yetu walikuwa tayari wanahesabu dola zitakazotumwa.

Leo Baba anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee: anawaosha, anawageuza kitandani, anawalisha. Mama alianza kwa kupanga nguo katika depo. Huku nyumbani watu wanasema wamesahau jamaa yao. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwa sauti ya chini: "Pasta, diploma zao zilikuwa za uongo?"

Hapana, Mzee. Diploma ni za kweli. Lakini kibali cha kuingia katika nchi na kibali cha kufanya kazi uliyosomea ni milango miwili, nayo inafunguliwa na watu tofauti.

Visa inatolewa na watu wa uhamiaji. Lakini Québec ina Oda za kazi 46, kila moja na sheria zake: ya madaktari, ya mainjinia, ya wauguzi. Mtu asiye na kibali cha Oda ya Wauguzi hana haki hata ya kujiita muuguzi, awe ametibu watu maelfu. Oda inachunguza kila somo alilosoma, saa zake na staji alizofanya. Kisha inaweza kumwomba asome tena na kufanya staji nyingine huko, na mwishoni kuna mtihani. Wengi wanapotea hapa: wizara ya uhamiaji inatoa karatasi ya kulinganisha masomo, mtu anailipia, anaingoja, anaipokea kwa furaha, halafu anaambiwa kwamba karatasi ile inaonyesha tu masomo yake yanakaribia kiwango gani kule. Haimpi kazi. (Ndugu zetu wa A2 wajue kwamba kwao njia ni ndefu zaidi, maana A2 inasomwa katika kiwango cha sekondari.)

Walimu hawana Oda kule. Ruhusa yao inatoka kwa wizara ya elimu, na mwalimu aliyesomea nchi nyingine anaombwa masomo ya nyongeza ya chuo kikuu, muda wa majaribio darasani, na mtihani wa Kifaransa. Mama, ambaye amefundisha kwa Kifaransa maisha yake yote, alicheka aliposikia habari ya mtihani huo. Alipoanza kuutayarisha hakucheka tena.

Hayo ni ya Québec, na hatuwezi kuyabadilisha. Lakini kuna sehemu inayotuhusu sisi, nayo inatuuma kuiandika.

Releve za alama hazipokelewi kutoka mkononi mwa mwenye kuomba. Shule aliyosomea ndiyo inayozituma moja kwa moja, ili ijulikane hakuna aliyezigusa njiani. Baba aliiandikia shule yake, ambayo ni shule ya kanisa. Jibu la kwanza lilifika baada ya miezi minane. Halafu sekretere aliomba "kitu kidogo". Halafu bahasha ikakabidhiwa mdogo wake Baba, naye kwa nia njema akaifungua ili aone kama alama ni zake, akaituma. Ikakataliwa. Mwaka mzima ulipotea, na haukupotelea Kanada. Ulipotelea katika biro yetu.

Tunamkumbuka Akila na mkewe Prisila katika Matendo ya Mitume 18. Nao walikuwa mume na mke waliohama: Klaudio aliwafukuza Wayahudi Rumi, wakafika Korintho, wakashona mahema pamoja na Paulo. Kazi yao ilikuwa mikononi. Hakuna aliyewaomba releve. Lakini mwishoni mwa sura hiyo hiyo, Apolo anapotaka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso wanaandika barua ili apokewe. Kanisa liliandika barua. Hatusomi kwamba walikaa miezi minane, wala kwamba waliomba kitu kidogo.

Kwa hiyo tunawaomba wakurugenzi na masekretere wa shule zetu: barua ya mwanafunzi wa zamani ijibiwe. Na yeyote anayefikiria kuhama, aanze hapa hapa. Aombe releve zake zote, programu ya masomo yenye saa, na vyeti vya staji na vya kazi. Muuguzi ajiandikishe katika Oda yetu ya Wauguzi iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Nakala zihifadhiwe pia mbali na nyumba. Waliokuwa Goma Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini, hawana haja ya kuelezwa sababu.

Mume na mke wazungumze pia mapema: nani atasoma kwanza? Hawa wawili waliona njia ya Mama ni fupi, basi Baba akachukua kazi ya usiku ili nyumba iendelee. Alituambia kwenye simu: "Pasta, kuosha mzee si haya kwangu, nilifanya hivyo hata hospitalini kwetu. Haya ni kwamba sijamwambia mama yangu." Sisi tuliokuwa tunahesabu dola ndio tuliomfungia mdomo.

Kwa sababu walimu ni wachache kule, shule zinaweza kupata ruhusa ya muda ya kumwajiri mtu ambaye hajamaliza njia yote. Kwa ruhusa hiyo, Mama ameanza kufundisha hesabu siku tatu kwa juma. Bahasha ya pili ya Baba imetumwa, safari hii na shule yenyewe. Bado anangoja jibu. Tuwaombee, na anayewapigia simu juma hili aulize habari zao kwanza.