Kwa Nini Greda Hupita Vipande: Namna Matengenezo ya Barabara za Kata Yanavyopangwa

Kila masika yanapomalizika, swali lilelile hurudi katika mikutano ya vijiji vya Wilaya ya Lushoto: kwa nini greda lilichonga mita mia chache tu na kuiacha sehemu iliyobaki? Kwa mkulima ambaye kabichi zake zimelala ndani ya lori lililokwama kabla ya kufika soko la Lukozi, au kwa familia inayombeba mjamzito kwa machela kuelekea zahanati, swali hilo ni halali na linastahili jibu kamili.

Jibu linaanzia kwenye usimamizi. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto iko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Barabara zinazounganisha vijiji na kata zilikuwa mikononi mwa Halmashauri hadi Julai 2017, ulipoanza kazi Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulio chini ya TAMISEMI. Tangu hapo Meneja wa TARURA wa wilaya ndiye anayesimamia matengenezo yake, na madiwani huwasilisha vipaumbele vya wananchi wa kata zao.

Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa katika Mfuko wa Barabara, ambao mapato yake makuu ni tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Dereva wa bodaboda anayelalamikia shimo, kwa hiyo, amekwisha kulichangia fedha ya kulifukia. Katika mwaka wa fedha 2021/22 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Ushuru wa mazao ni fungu jingine. Huo ni mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo hugharimia huduma nyingine, zikiwemo mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, fedha hazilingani na urefu wa barabara, na hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo. Kilomita 1 ya barabara yenye upana wa mita 5, ikiwekwa changarawe ya unene wa sentimita 15, huhitaji mita za ujazo 750. Hizo ni safari 75 za lori linalobeba mita za ujazo 10, kabla ya kuhesabu greda, maji na mashine ya kushindilia. Ndiyo maana matengenezo hugawanywa. Matengenezo ya muda maalumu huifanya upya barabara nzima baada ya miaka kadhaa. Matengenezo ya kawaida huhusu kuchonga, kufyeka na kuzibua mitaro. Matengenezo ya sehemu korofi hushughulikia pale tu gari linapokwama. Mita 200 za utelezi zinatosha kulizuia gari la wagonjwa, au gari la Bohari ya Dawa linalopeleka dawa kwenye zahanati, hata kama kilomita 8 zilizobaki ni nzuri. Kupita vipande, mara nyingi, ndiyo njia ya kuifungua barabara yote.

Lakini kazi hiyo ina adui mmoja mkubwa, naye ni maji. Greda linapochonga, huipa barabara mgongo: katikati huinuliwa takriban sentimita 12 kuliko kingo, ili mvua itiririke upande huu na ule hadi mtaroni. Mtaro ukiziba, maji hurudi barabarani, na katika miteremko ya Usambara huchimba korongo la kuingia mguu kwa mvua chache tu. Changarawe iliyoletwa kwa malori 75 huishia bondeni.

Hapa lawama haiwezi kuwekwa kwa wakala peke yake. Wapo wanaojaza udongo mtaroni ili pikipiki ivuke hadi nyumbani, badala ya kuomba kibali cha kuweka kalavati. Wapo wanaotupa mabua humo baada ya mavuno, na wapo wanaolima hadi ukingoni ingawa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inailinda hifadhi ya barabara. Mashamba ya juu ya barabara yasiyo na makingamaji nayo hushusha maji na tope moja kwa moja njiani. Wazee wa wilaya hii wanaikumbuka kazi ya mradi wa SECAP ya kupanda majani ya gwatemala kwenye kontua. Mistari hiyo ilikusudiwa kuokoa udongo wa shamba, na pale ilipotunzwa huikinga barabara iliyo chini yake.

Lipo pia suala la wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mapendekezo yake hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi linalotolewa Aprili, matope yakiwa magotini, hukuta bajeti imekwisha kuandaliwa na kusubiri mjadala wa Bunge. Mahali pa kulitoa ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi 3, hasa ule wa kabla ya mvua za vuli. Kutoka hapo huingia Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufika wilayani. Muhtasari unaosema “barabara yetu ni mbovu” humsaidia mhandisi kidogo sana. Unaotaja mahali penyewe, urefu wake kwa hatua, maji yanakotokea na huduma inayokatika humwezesha kukadiria gharama.

Kalavati lililosombwa na kukata mawasiliano halisubiri mkutano. Taarifa yake ipelekwe siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe kwa mtendaji wa kata na kwa Meneja wa TARURA wa wilaya.