Mchungaji akihamishwa, kazi inabaki mikononi mwa nani?

Somo letu ni Matendo ya Mitume 20:17-38, pale Paulo anapoagana na wazee wa Efeso huko Mileto. Mwenye Biblia asome kwanza habari hiyo yote, kisha arudi kwenye karatasi hii.

Kila mwezi watu wanaleta kwenye radio matangazo ya makanisa yao, na mengi yanafanana: mchungaji fulani amehamishwa, mwingine anakuja, ibada ya kuagana itakuwa siku fulani. Tunayasoma, tunapita. Lakini sisi tunaokaa katika kartie tunajua kinachofuata mara nyingi. Wajane waliokuwa wanapewa unga kila mwisho wa mwezi hawaulizwi tena habari zao. Wagonjwa waliokuwa wanatembelewa hospitalini wanabaki wakiangalia mlango. Darasa la kusoma na kuandika la wamama linafungwa, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mama mchungaji aliyeondoka. Halafu sehemu ya washiriki wanamfuata mtumishi wao kule alikokwenda, ama wanafungua chumba cha maombi kwa jina lake. Sisi Wapentekoste tumezoea hata kuita kanisa kwa jina la mtu, "kule kwa Mchungaji fulani". Mtu huyo akitoka, jina linatoka pamoja naye, na kazi pia.

Ndiyo maana juma hili tumeona vema kueleza namna ndugu zetu wa Kanisa la Moravian wanavyobadilisha watumishi, na jinsi huduma yao kwa jirani inavyoendelea wakati wa mabadiliko hayo. Hawako mbali nasi. Kanisa lao lilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Tanzania, na Kalemie wapo. Hatuandiki kwa kusifu dhehebu. Tunaandika kwa sababu wamekuwa wakiondoa na kuweka watumishi kwa karibu miaka 300, na katika muda huo wameona kila namna ya pengo.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Kanisa la mahali wanaliita ushirika, na kila ushirika una baraza lake la wazee. Shirika nyingi zinafanya jimbo. Kila baada ya miaka michache wajumbe wa jimbo wanakutana katika sinodi, nayo sinodi inachagua halmashauri ya kuongoza pamoja na mwenyekiti wake. Mchungaji hajichagulii mahali pa kwenda. Halmashauri ndiyo inayomwita, kwa kusikilizana na ushirika unaomhitaji. Namna ya kufanya inatofautiana kidogo jimbo kwa jimbo, lakini shina ni hilo moja. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi kwetu: askofu wao si mkubwa wa ofisi. Uaskofu ni kazi ya kuombea, kushauri na kuwawekea watumishi mikono. Anayeongoza mambo ya jimbo ni mwenyekiti na wenzake, na mwenyekiti huyo muda wake ukiisha anaweza kurudi kuwa mchungaji wa ushirika wa kawaida, tena bila aibu yoyote. Kwetu mtu akishaitwa Mwakilishi ama Rais wa jumuiya, kumrudisha kuhubiri katika kanisa la mabati kunaonekana kama adhabu.

Utaratibu huo haukushuka toka mbinguni siku moja. Ulitoka katika taabu. Mwaka 1732 wanaume wawili waliondoka Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilichojengwa katika shamba la Bwana Zinzendorf, kwenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, ambako watu Weusi walikuwa watumwa katika mashamba ya miwa. Mmoja alikuwa Leonard Dober, mfinyanzi. Mwingine David Nitschmann, seremala. Nitschmann alirudi baada ya miezi michache, kama walivyopatana tangu mwanzo. Dober akabaki peke yake. Kisha, mwaka 1734, akaitwa arudi nyumbani kwa sababu mzee mkuu wa Herrnhut alikuwa amekufa na yeye amechaguliwa kushika nafasi yake. Yaani mmisionari wa kwanza aliondolewa kabla kazi haijapata miguu. Ilipata miguu baadaye, kwa mikono ya wengine, na mmoja wao alikuwa Rebecca, mwanamke aliyetoka utumwani, ambaye alitembea kutoka shamba hadi shamba akifundisha wanawake.

Dober mwenyewe aliuona uzito wa kuwa mzee mkuu wa shirika zote zilizokuwa zinaongezeka. Septemba 1741, katika mkutano uliofanyika London, aliomba kuachiliwa. Wenzake wakataja majina, wakapiga kura mbele za Mungu kama walivyozoea wakati ule, na kila jina lilipata jibu la hapana. Mwishoni wakapatana kwamba kiti hicho hakitakaliwa na mtu. Mzee Mkuu wa kanisa ni Yesu Kristo mwenyewe. Habari hiyo ilitangazwa katika shirika siku ya 13 Novemba 1741, na mpaka leo Wamoravian wanaiadhimisha tarehe hiyo.

Mtu anaweza kusema hayo ni maneno mazuri ya dini tu. Sisi tunaona yalikuwa pia uamuzi wa kazi: kama hakuna mtu mmoja juu ya wote, basi mabaraza yanapaswa kufanya kazi kweli, na kila ushirika unapaswa kujua wajibu wake. Ni kweli pia kwamba desturi haibadiliki kwa tangazo. Zinzendorf aliendelea kuwa na neno kubwa kuliko wote mpaka alipokufa mwaka 1760, na baada yake tu ndipo sinodi ilipokuwa na neno la mwisho.

Lakini habari tunayotaka kukaa nayo zaidi ni ya Afrika.

Mwaka 1737 Georg Schmidt alifika Rasi ya Tumaini Jema, ambayo leo iko Afrika Kusini. Alikuwa ametoka kifungoni. Alikaa miaka sita gerezani kwa ajili ya imani yake. Mwaka uliofuata alihamia bonde lililoitwa Baviaanskloof, maana yake Bonde la Nyani, kati ya Wakhoikhoi. Wakoloni Waholanzi walikuwa wamewadharau watu hao na kuwanyang'anya malisho yao. Schmidt alijenga kibanda, akalima bustani, akapanda miti ya matunda, akawafundisha watu kusoma Kiholanzi. Mwaka 1742 alibatiza watu wachache, hata kumi hawakufika. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Vehettge Tikkuie, naye akapewa jina la Magdalena.

Ubatizo huo ndio ulioleta fujo. Wachungaji wa kanisa la serikali ya Waholanzi walisema Schmidt hana haki ya kubatiza, kwa sababu wao hawakukubali kuwekewa mikono kwake. Mwaka 1744 akalazimika kurudi Ulaya. Alitumaini kurudi na karatasi zinazokubalika. Hakurudi. Hakuna aliyetumwa mahali pake. Alikufa Ujerumani mwaka 1785, na wanaosimulia habari zake wanasema hakuacha kuliombea bonde lile.

Tuhesabu pamoja. Kutoka 1744 hadi 1792 ni miaka 48. Mshahara haukutumwa, barua haikufika, mkaguzi hakuja. Kwetu kanisa likikosa mchungaji kwa miezi sita tunasema limekufa.

Desemba 1792, siku moja kabla ya Noeli, Wamoravian watatu walifika Baviaanskloof: Hendrik Marsveld, Daniel Schwinn na Johann Christian Kühnel. Walikuta mabaki ya ukuta wa nyumba ya Schmidt na mpera mkubwa alioupanda, mpera wa Kizungu, si huu wetu. Wakamkuta pia Magdalena. Alikuwa mzee sana, karibu miaka 80, na macho yake yamechoka. Aliwaonyesha Agano Jipya la Kiholanzi alilopewa na Schmidt, amelitunza ndani ya ngozi ya kondoo. Kwa kuwa yeye hakuweza tena kuona maandiko, mwanamke mwingine aliye kijana kuliko yeye alilifungua na kuwasomea wageni.

Hapo tusimame kidogo. Mara nyingi watu wakisimulia habari hii wanashangaa kile kitabu kilivyotunzwa. Kitabu ni jambo kubwa, hatukatai. Lakini cha kushangaza zaidi ni yule msomaji. Schmidt alikuwa ameondoka karibu nusu karne. Mwanamke kijana hakuweza kufundishwa naye. Kuna mtu wa pale pale bondeni aliyemfundisha kusoma. Maana yake huduma ya kufundisha, ile tunayoiita leo alfabetizasio, ilitoka mkononi mwa mmisionari ikaingia mikononi mwa wanakijiji. Watu walikusanyika chini ya ule mti, wakasoma, wakaomba. Magdalena hakuwa na cheo. Katika orodha ya watumishi wa Moravian jina lake halikuwepo.

Wale watatu walianza pale alipoachia yeye, si pale alipoachia Schmidt. Kühnel alikuwa fundi wa visu, naye akafundisha watu kazi hiyo, na visu vya bonde lile vikanunuliwa mbali. Watu waliongezeka, wakajenga nyumba, kinu na shule. Mwaka 1806 mahali pakabadilishwa jina pakaitwa Genadendal, yaani Bonde la Neema. Mwaka 1838 pakafunguliwa pale chuo cha kufundisha walimu, cha kwanza katika nchi ile. Na mwaka 1995 Rais Nelson Mandela aliipa nyumba yake rasmi ya Cape Town jina hilo hilo la Genadendal.

Tuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na historia yetu. Wamoravian walianza kazi Rungwe, kusini ya Tanzania, mwaka 1891, na baadaye wakashika pia eneo la Unyamwezi karibu na Tabora. Septemba 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Tabora ilitekwa na majeshi yaliyotoka huku kwetu Kongo chini ya Wabelgiji. Wazee wetu wengi walibebeshwa mizigo katika safari ile, na si wote waliorudi. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Ulikuwa uhamisho wa ghafula usio na ibada ya kuagana. Waliobaki na shirika ni walimu wa vijiji na wazee Waafrika, wengi bila kuwekewa mikono, wakiendesha ibada na madarasa na kuzika wafu. Kutoka Unyamwezi huo huo alitoka Teofilo Kisanji, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Moravian katika nchi ile. Huko Mbeya kuna chuo kikuu chenye jina lake.

Sasa kuna swali la wazi: inafanyika vipi katika maisha ya kila siku, pasipo vita wala kufukuzwa? Kwa sehemu kubwa ni mambo madogo ya tangu Herrnhut. Mwaka 1727 waligawana katika vikundi vidogo vya kuombeana na kuulizana hali, wanaume kwao na wanawake kwao. Mwaka huo huo wanaume 24 na wanawake 24 wakaanza kupokezana saa za maombi usiku na mchana, na zamu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Zamu ina faida moja ambayo hatuitazami sana: mtu mmoja akisafiri, saa yake ina mwenyewe mwingine. Wakaanza pia kutoa neno moja la Biblia kwa kila siku, ambalo tangu 1731 linachapwa kuwa kitabu cha mwaka mzima. Hivyo mchungaji mpya anapofika anakuta watu wamesoma asubuhi neno lile lile alilosoma yeye kule alikotoka. Na wanapoagana ama kupokeana, wengi wao wanakaa pamoja katika karamu ya upendo, chakula chepesi na nyimbo, aliyekuja na wenyeji mezani pamoja.

Huduma kwa wagonjwa inafuata njia ile ile. Huko Sikonge, kusini ya Tabora, Wamoravian wana hospitali, na walihudumia pale wenye ukoma kwa miaka mingi. Kazi ya ukoma haiwezi kutegemea mtu mmoja mwenye moyo mwema. Vidonda vinafungwa leo na kesho na mwaka ujao, na anayefunga anabadilika.

Baadhi ya shirika za kwetu zinabadilisha watumishi mwezi huu, na wasomaji wengine wako katika kamati za kupokea. Kabla ya kununua kitambaa cha zawadi na kukodi viti, wazee wakae jioni moja na mchungaji anayeondoka, wakiwa na daftari. Waandike majina ya wajane na avenue wanazokaa, nani anajua mlango wa kila mmoja. Waandike wagonjwa wa muda mrefu, watoto wanaolipiwa shule na kiasi kilichobaki, deni la dukani la unga, siku ya darasa na jina la anayefundisha. Kese ihesabiwe mbele ya watu watatu. Funguo zote ziwekwe mezani, na ule wa darasa la wamama apewe mwanafunzi wao mmoja, siyo mgeni anayekuja.