Je, wajua? Altrasaundi inayopima ugumu wa uvimbe wa titi

Kuanzia Kismayo, kusini mwa Somalia, hadi visiwa vya Koyama, Ngumi na Chula, wanawake wengi wakiambiwa titi lina uvimbe huanza kuiogopa sindano. Imeenea kauli kwamba uvimbe ukichomwa sindano au ukikatwa kipande kidogo cha kupimwa, saratani huamka ikasambaa. Si kweli, na kauli hiyo inachelewesha watu hadi mauti. Ila mzigo wa kipimo chenyewe ni wa kweli: boti, kisha safari ya Mogadishu au Nairobi, kisha kungoja majibu. Na mara nyingi, kwa msichana, majibu yanakuja kuwa ni fibroadenoma, uvimbe usio na madhara.

Hapo ndipo elastografia ina kazi. Ni altrasaundi ile ile ya wajawazito, iliyoongezewa uwezo wa kupima ugumu. Mwaka 1991, Jonathan Ophir na wenzake huko Houston walilinganisha picha kabla na baada ya kubonyeza nyama kidogo, wakaona ipi imebonyea na ipi imegoma.

Aina iliyofuata, waliyoieleza Bercoff, Tanter na Fink wa Ufaransa mwaka 2004, inabonyeza kwa sauti yenyewe. Mwale uliokusanywa mahali pamoja huisukuma nyama kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Msukumo huo huzaa mtikisiko unaokwenda kando, polepole mno: mita 1 hadi 10 kwa sekunde, ilhali sauti ya altrasaundi hupita mwilini mita 1,540 kwa sekunde. Kwa hiyo mashine huwahi kupiga maelfu ya picha kwa sekunde na kuufuata mtikisiko hatua kwa hatua. Kamba ya tanga iliyokazwa hupitisha mtikisiko upesi kuliko iliyolegea, na nyama ni vivyo hivyo. Kwenye kioo, mara nyingi buluu ni laini na nyekundu ni ngumu, ingawa baadhi ya mashine hugeuza rangi, na asiyejua hilo atasoma kinyume. Uvimbe wa maji hubaki bila rangi, maana mtikisiko huu haupiti kwenye majimaji.

Ninalolipenda zaidi ni hili: saratani huonekana kubwa kwenye picha ya ugumu kuliko kwenye picha ya kawaida. Brian Garra na wenzake waliliripoti mwaka 1997. Saratani huikaza nyama inayoizunguka, na ukingo huo haujitokezi vizuri kwenye altrasaundi ya kawaida. Fibroadenoma kwa kawaida hubaki na ukubwa wake.

Lakini mkono wa mpimaji lazima uwe mwepesi. Akikandamiza, hata mafuta ya kawaida ya titi yatasomeka magumu. Kifaa kiguse jeli tu, kitulie sekunde chache.

Utafiti wa Marekani na Ulaya uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza uvimbe 939. Kati ya 650 usio wa saratani, altrasaundi ya kawaida iliutambua 397. Ilipoongezwa elastografia, ikawa 510. Ni uvimbe 113 zaidi ambao haukuhitaji sindano. Nafuu hii ni kwa uvimbe wenye shaka ndogo tu. Wenye shaka kubwa lazima uchukuliwe kipande cha kupimwa hata ukisomeka laini, kwa kuwa zipo saratani laini.

Kinachoniudhi ni mashine za msaada zinazoletwa bila mafunzo wala fundi, zikiharibika zinafunikwa shuka. Kule Butaro, Rwanda, manesi na madaktari wa kawaida walifundishwa altrasaundi ya matiti. Kwa nini wakunga na manesi wetu wasifundishwe? Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanzishwa mwaka 2021, linataka mgonjwa apate majibu kamili ndani ya siku 60. Anayepima vizuri Kismayo atajua nani angoje nyumbani na nani apande gari kesho.

Kipimo hiki hutumika pia kwa ini lililokakamaa kwa homa ya ini, tezi ya shingo, tezi dume, mitoki na misuli.

Dada, ukigusa uvimbe, nenda ukapimwe hata kama hauumi. Saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi.